Wageni wa Nusu Dakika

Jumanne moja, saa nne na robo asubuhi, Muhonja alikuwa akipiga pasi kola ya shati la shule mbele ya simu yake, kwenye nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, Lucky Summer. Simu ilikuwa imefungwa kwa mpira kwenye mti wa ufagio, na mti wa ufagio umesimikwa ndani ya ndoo ya mchanga. Alikuwa ndiyo kwanza awaambie wanafunzi wake, "Usivute kitambaa, kiache kiende chenyewe," mlango ulipobishwa. Akasimamisha kurekodi, akaenda kufungua.

Nje alisimama mwanamume wa miaka arobaini hivi, shati jeupe, aproni ya kijani. Mkono mmoja alishika chupa ya mafuta ya kupikia, na wa pili sahani ya chapati zilizokuwa zikitoa mvuke.

"Hodi, mama. Hapa ndipo kwa Muhonja wa Mshono?"

"Ndipo. Karibu."

"Mimi ni tangazo," mwanamume akasema. "Nilitumwa kwa mtu aliyekuwa anatazama video yako ya zipu. Nikakuta mlango wa simu umefungwa. Naomba niseme maneno yangu. Ni nusu dakika tu."

Muhonja alimtambua. Alikuwa amemwona mara nyingi mwanzoni mwa video za watu wengine, na akiwa kwenye simu alionekana mrefu zaidi. Akamwambia aingie, ila asikanyage vitambaa. Mwanamume akasimama katikati ya chumba, akajinyoosha.

"Familia ni ladha," akasema. "Ladha ni Furahini. Pika na Furahini, pika na moyo." Akainua chupa, akatabasamu upande wa dirishani, akaishusha.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Asante. Haya, nenda salama."

"Niende wapi, mama? Nikifungiwa mlango sina pa kurudi. Nimeambiwa nije kwa mwenye video."

Muhonja akatazama dirisha. Mwanga ulikuwa mzuri mpaka saa sita, halafu jengo la jirani lingeuziba. Akamwonyesha mgeni kiti, akarudi kwenye kola yake.

Kola ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote. Kwa miaka kumi na saba alishona kola katika kiwanda cha nguo huko Baba Dogo, kola peke yake, kwa sababu kiwandani kila mtu hushona kipande kimoja na shati zima halimjui mtu. Kiwanda kilipofungwa, mikono, mifuko na matundu ya vifungo alijifundisha mwenyewe mezani. Miaka mitatu iliyopita, kabla ya kuolewa na kuhamia Eldoret, binti yake Mitchelle alimfungulia ukurasa kwenye mtandao wa video, ule mkubwa ambao kila mtu anao. Sasa alikuwa na wafuasi elfu kumi na moja. Kila mwezi kampuni ya mtandao ule ilimtumia kitu kutokana na matangazo, na hicho kitu kililipa maji, stima, na kitambaa cha masomo ya mwezi uliofuata.

Mumewe, Opicho, aliyekuwa karani wa reli miaka thelathini, aliporudi na sukuma wiki saa saba alimsalimia mgeni kwa mkono, akamwuliza kwao ni wapi. Mgeni akasema kwao ni studio moja Industrial Area. Opicho akasema barabara hiyo anaijua, ina vumbi. Kisha wakakaa kula. Chapati za mgeni hazikulika, kwa sababu zilikuwa zimepakwa vanishi ili zing'ae. Mgeni mwenyewe akaomba ugali, akaongezewa mara tatu. Akaeleza kwamba kazini kwao mtu hupeleka tonge mpaka mdomoni, kisha picha inakatwa. Hakuwa amewahi kumeza.

Kufikia Ijumaa walikuwa kumi na mmoja. Alikuja msichana wa kamari, mwenye sketi ya kumetameta, ambaye kila baada ya muda aliruka akipiga kelele kwamba ameshinda, kisha akaomba msamaha. Ikaja familia ya dawa ya meno, baba, mama na mabinti wawili, wote wanne wakitabasamu hata usingizini. Akaja bwana wa tai nyekundu, wa mikopo ya simu, mtu mpole kuliko wote, aliyekuwa wa kwanza kuamka na kukunja blanketi. Likaja pia gari. Gari halikuweza kupanda ngazi, likakaa chini pamoja na barabara lililokuja nayo, mita ishirini za lami nyeusi isiyo na shimo. Wapangaji walianza kutembea juu ya ile lami wakienda kazini na viatu vyao vikafika safi.

Odero, msimamizi wa ploti ile ya nyumba za kupanga, alipanda ngazi Jumamosi.

"Mama Mitchelle, mimi sina shida na wageni," akasema. "Lakini maji ya hapa tunahesabu vichwa. Na yule wa sketi anaosha nywele kila siku."

"Nitalipa, Odero."

"Gari sitalihesabu. Hilo limetusaidia."

Jioni hiyo Opicho akaiandikia kampuni ya mtandao barua pepe, kwa mtindo wa reli, yenye nambari za aya. Jibu lilirudi kabla hajavua miwani. Lilimshukuru kwa maoni yake. Lilisema kwamba matangazo ambayo hayakuweza kumfikia mtazamaji kwa sababu ya vizuizi hurejeshwa kwa mwenye video, na kwamba mwenye video alikubali sharti hilo siku ya kujisajili. Muhonja alikumbuka siku hiyo. Mitchelle alikuwa amemwambia, "Bonyeza hapo, Mama," naye akabonyeza.

Tarehe ya malipo ilipofika, kile kitu cha kila mwezi kilikuja kikiwa kimepungua karibu nusu. Kiliambatana na maelezo mafupi: baadhi ya watazamaji wako wanatumia vizuizi vya matangazo, tafadhali waombe waviondoe, kwa sababu wanakunyima riziki yako.

Muhonja akaisoma mara mbili. Chumbani mle kulikuwa na watu kumi na wanne wakisubiri chai. Akamgeukia yule wa mafuta, ambaye sasa nyumba nzima ilimwita Furahini.

"Nyinyi mnajua ni nani aliyewafungia?"

"Kila mmoja anajua mlango wake," Furahini akasema. "Lakini saba kati yetu tumetoka kwa mtu mmoja. Anaitwa Syombua. Ana kibanda Muthurwa, upande wa mafundi wa nguo."

Jina hilo Muhonja alilifahamu. Syombua ndiye aliyeandika chini ya kila video, bila kukosa hata moja: asante Mwalimu, Mungu akubariki mikono. Lilimuuma zaidi ya jina la mtu asiyemjua. Jumatatu akavaa viatu vya kutokea, akamchukua Furahini awe shahidi, wakaenda Muthurwa.

Wakamkuta kwenye kibanda cha bati, katikati ya safu ya mafundi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, futi ya kupimia shingoni, akiendesha cherehani ya miguu. Simu yenye kioo kilichopasuka iliegemea mkebe wa vifungo. Ndani ya simu, mikono ya Muhonja ilikuwa ikitia zipu kwenye suruali.

Syombua akainua macho, akatazama mikono iliyokuwa mbele yake, akatazama iliyokuwa kwenye simu.

"Mwalimu!" akasema, akasimama. "Hizo mikono nazijua. Karibu, karibu kiti. Na huyu si ni wa Furahini?"

"Ndiye. Anakaa kwangu."

"Pole."

Akaagiza chai moja na mandazi mawili kutoka kwa mama wa jirani, akafuta kiti kwa upande wa leso. Muhonja akaketi. Alikuwa amepanga maneno yake tangu asubuhi, akaamua kuyasema kabla chai haijamlegeza.

"Syombua, nimekuja na neno. Kwangu kuna watu kumi na wanne. Saba wametoka kwako."

"Kwangu? Mimi sijafukuza mtu, Mwalimu."

"Umewafungia kwa simu."

Syombua akachukua uzi uliokuwa mapajani, akauzungusha kidoleni.

"Ni binamu yangu Marion aliniwekea hiyo kitu," akasema mwishowe. "Sikujua wanakuja kwako. Nilidhani wanaisha tu."

"Hawaishi."

"Wacha nikuonyeshe kitu, usione nakudharau." Akanunua bando la intaneti la mbao, yaani shilingi ishirini, lile analonunua kila siku ya kazi. Akakiondoa kizuizi, akafungua somo la shati la shule kuanzia mwanzo.

Furahini akaweka chini sahani yake ya chapati, aliyotembea nayo, akapangusa mikono kwa aproni, akaingia kwenye simu akitanguliza bega, kama mtu anayepita kwenye pengo la ua. Akasema maneno yake humo ndani, akatoka akihema. Baada yake akatokea msichana wa kamari. Alikuwa ameachwa Lucky Summer akiosha vyombo, na alipoinua mikono kushangilia ilikuwa bado na povu. Kisha Muhonja wa kwenye simu akasalimia wanafunzi, akatandaza kitambaa, akapima mgongo. Dakika mbili. Likaingia tangazo la soda. Dakika mbili tena, wakaingia wa dawa ya meno, wote wanne. Mikono ya shati ilipomalizika kukatwa, akaingia bwana wa tai nyekundu.

Syombua akaigeuza simu, kioo kikalala juu ya meza. Sauti ya upole ikaendelea kutoka chini: chukua leo, tabasamu leo, bila dhamana, bila maswali.

"Huyu sitaki aniangalie," akasema.

"Unamjua?"

"Mwaka jana nilimsikiza. Nilitaka cherehani ya pili, niweke mtu. Nikachukua. Ikazaa, ikazaa. Nilipochelewa wiki moja wakapigia kila mtu aliye kwa simu yangu. Pastor. Wateja. Mamangu Kitui, wakamwambia mimi ni mwizi. Cherehani niliuza nikawamalizia."

Sauti ilipokoma akaigeuza simu. Bando lilikuwa limeisha. Kwenye kioo Muhonja alikuwa amesimama kimya, makasi juu, kitambaa cha kola mbele yake kikiwa bado hakijakatwa.

"Unaona? Nilikuwa nafika hapo tu, kila siku. Mwezi mzima nimeshona mashati bila kola, Mwalimu. Wazazi wananiuliza kama shule imebadilisha sare. Ndiyo nikalia kwa Marion."

Muhonja akatazama uso wake mwenyewe uliokwama. Hasira aliyotoka nayo nyumbani haikupata pa kukaa. Akanywa chai yote, akala andazi moja, la pili akampa Furahini, aliyelimeza vizuri.

"Rudisha hiyo kitu yako," akasema. "Usiitoe tena."

"Na hao wageni?"

"Watakaa."

Akachukua chaki kwenye mkebe, akasogeza cherehani ya Syombua upande, akamkatia kola moja hapo hapo, polepole, huku mafundi wa vibanda vya jirani wakisimamisha miguu ili watazame.

Nyumbani alimkuta bwana wa tai nyekundu akimsaidia Opicho kukoroga uji. Akamwambia habari za Syombua zote, pamoja na ile simu ya Kitui. Yule bwana akasikiliza akiwa ameshika mwiko.

"Mimi sijui kinachofuata," akasema. "Mimi hupewa nusu dakika. Ikiisha, natolewa. Nilidhani huwa wanatabasamu."

"Sasa umejua."

"Sasa nimejua."

Akakoroga mpaka uji ukaiva. Kisha wakati wake ukafika, akasimama katikati ya chumba, akasema chukua leo, tabasamu leo, bila dhamana, bila maswali, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyokuwa nayo. Alipomaliza akaenda kusimama barazani peke yake. Hakuna aliyemsemesha, lakini Muhonja alimwekea uji wake.

Opicho akatoa daftari. Alihesabu ni video ngapi Syombua ametazama kwa mwaka mzima, akazidisha kwa kile ambacho kampuni humlipa Muhonja mtu mmoja akitazama mara moja, akapiga mstari chini.

"Shilingi sita," akasema. "Huyo Syombua akifunga mlango mwaka mzima, anakupunguzia shilingi sita. Hiyo chai na mandazi alizokununulia ni karibu miaka saba."

"Basi nusu ya pesa yangu imeenda wapi?"

Aliyejibu ni mama wa dawa ya meno, akitabasamu kama kawaida, ingawa macho yake hayakuwa yakicheka. "Sisi tulikuwa tunapelekwa ng'ambo kabla ya kuletwa huku," akasema. "Huko mlango mmoja unalipiwa kama milango hamsini ya huku. Bei wanapanga wao, wenye mtandao. Mwezi huu wameshusha ya huku. Na hata tukiingia mlangoni vizuri, wao hukata yao kwanza, ndiyo yako ije."

"Hawakuniandikia hivyo."

"Hapana," mama akasema. "Hiyo huwa hawaandiki."

Opicho akaandika barua nyingine, aya tisa. Ikashukuriwa.

Wiki tatu zilipita hivyo. Kwa kuwa wageni walikuwa wengi na kazi ya kushona ilikuwa nyingi, Muhonja akawafundisha. Msichana wa kamari alikuwa na mkono mwepesi wa vifungo. Mabinti wa dawa ya meno walivuta nyuzi. Mama yao alipinda pindo za sketi za shule, na akiinama juu ya sindano lile tabasamu lilimtoka, uso ukapumzika. Furahini alipewa pasi. Kila mmoja alipofikiwa na wakati wake alisimama, akasema yake, akaketi, na wengine walisubiri bila kuinua kichwa.

Kisha ikaja barua kutoka kwa kampuni. Ilisema wana habari njema kwa wenye video wote. Kuanzia Jumatano hakuna kizuizi kitakachofaulu tena, kwa sababu matangazo hayatatangulia video wala kuikatiza, bali yatashonwa ndani ya video yenyewe, uzi kwa uzi. Muhonja alilitazama lile neno, yatashonwa, akaona ni neno zuri limetumiwa vibaya.

Jumatano saa mbili asubuhi wakaitwa. Hakukuwa na sauti. Waliinua tu vichwa kwa pamoja. Msichana wa kamari akakata uzi kwa meno, akamkumbatia Muhonja. Wale wanne wa dawa ya meno wakapanga foleni mlangoni kwa urefu, na mama yao akaweka mezani sketi aliyokuwa amefika nusu, akaichomeka sindano ili isipotee. Bwana wa tai nyekundu akampa Opicho mkono, akakunja blanketi lake mara ya mwisho. Wakaingia kwenye simu mmoja mmoja. Chini, gari likaondoka na lami yake, na waliokuwa wanakwenda kazini wakarudi kuvaa mabuti.

Furahini peke yake hakuitwa. Kampuni ya mafuta ilikuwa imebadilisha tangazo. Sasa walikuwa na mtu mwingine, kijana zaidi, na samaki badala ya chapati. Odero akaandika jina la Furahini kwenye daftari la maji kama mpangaji wa kudumu.

Alasiri ya siku hiyo Muhonja akafungua somo lake la shati ili aone kilichofanywa. Mambo yalienda sawa mpaka penye mikono ya shati. Hapo, ndani ya video, mlango wa nyuma yake ukafunguka, bwana wa tai nyekundu akaingia chumbani mwake, akavuta kiti cha Opicho, akaketi. Muhonja wa kwenye video akaendelea kukata kitambaa kana kwamba hakuna neno. Yule bwana akageukia watazamaji, akasema chukua leo, tabasamu leo, kwa sauti ya mtu aliye kwake. Alipomaliza hakutoka mara moja. Alitazama chini, kwenye viatu vyake.

Simu ikalia. Alikuwa Syombua.

"Mwalimu, yule bwana amekaa kwako kama mwenyeji."

"Nimemwona."

"Mafundi wa hapa wanauliza kama wewe ndiye umemleta. Kuna mmoja anataka kuchukua, anasema kama ni wa Mwalimu basi ni mzuri."

"Mwambie asichukue. Mwambie nimesema mimi."

"Nitamwambia. Na bando imeishia penye kola."

Mwisho wa mwezi malipo yakaja. Hayakuwa yamepanda hata senti moja. Maelezo yalisema kwamba teknolojia mpya ya kushona matangazo ina gharama zake, na kwamba kampuni inajivunia kumlinda.

Muhonja akawaza siku mbili. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, akamwambia Furahini awashe pasi, akafunga simu kwenye mti wa ufagio, akalirekodi somo la shati upya. Safari hii hakusalimia, wala hakupima mgongo. Alianza na kola. Aliikata, akaishona, akaipiga pasi, yote kwa dakika tatu, kabla ya mtu yeyote kupata nafasi ya kuingia chumbani. Mengine ya shati akayaweka baada ya hapo, kwa wenye bando kubwa.

Kwa wiki mbili mafundi wengi wa Muthurwa walishona mashati kuanzia shingoni kwenda chini, na wazazi hawakuuliza maswali. Video hiyo ilitazamwa kuliko zote alizowahi kutoa. Kampuni ikampongeza kwa barua yenye picha ya maua, na kwa kuwa ilitazamwa sana, ikamshonea tangazo jipya pale mwanzoni kabisa, la dakika nzima, lisilorukika.

Syombua akaanza kununua bando la shilingi thelathini. Dakika ile ya kwanza huitumia kutia mafuta cherehani.